Kishikio cha Darubini ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimesema maneno kumi na moja kazini. Nimeyahesabu. Saba yalikuwa shikamoo na samahani. Moja nilimwambia paka. Ni maendeleo.

Hii ni wiki yangu ya tatu katika karakana ya Fundi, anayetengeneza bunduki za askari wa hifadhi ya wanyama. Shule nimemaliza majuzi tu. Tuko wanagenzi wawili, wote wasichana, na mwisho wa mwezi Fundi atabaki na mmoja. Yule mwenzangu tulisoma darasa moja. Namwita Vernia, kwa sababu haachi kalipa yake ya vernia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, hata akienda chooni. (Namwita hivyo humu daftarini tu. Usoni ni "dada".) Anapima kila kitu. Ijumaa alipima kipande changu cha mkate, akanitangazia kwamba upande mmoja ni mwembamba. Nikala upande huo kwanza, kwa aibu.

Mchana akaja Shangazi. Shangazi, dada yake Baba, ni askari wa hifadhi, mwaka wa kumi na moja porini, mrefu kama mlango. Jumamosi ana mtihani wa shabaha: risasi kumi, mita mia moja. Akifaulu anabaki porini. Asipofaulu anahamishiwa getini kugonga mihuri kwenye tiketi za watalii. Alisema afadhali wamzike. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai. Hapo nikajua hatanii.

Amepewa darubini mpya ya bunduki, ila kishikio cha zamani kimepasuka. Kishikio ni kile chuma kinachoikamata darubini juu ya bunduki: chini kina msingi wa skrubu, juu kina pete mbili zinazolikumbatia bomba la darubini. Fundi anaumwa jino, shavu limevimba kama ameficha limau. Akauliza kwa taabu, nani kati yetu atachagua kishikio kinachofaa. Vernia akafungua mdomo.

Mkono wangu ukanyanyuka. Sijui nani aliunyanyua. Shangazi akapiga kofi moja la furaha, akasema basi huyu huyu, mwanangu, damu yangu. Vernia akafunga mdomo.

Nimeona fahari kwa dakika nne hivi. Kisha nikakumbuka kwamba sijui vishikio huchaguliwaje.

Jumanne, 5 Machi

Vernia amefungua droo ya vishikio (ufunguo anakaa nao yeye, bila shaka). Viko ishirini na vitatu! Kuna vyenye pete za inchi moja na vyenye pete za milimita thelathini. Kuna vifupi, vya wastani na virefu.

Urefu haukunisumbua. Shangazi ni mrefu. Kishikio kirefu. Hatainama hata kidogo. Mgongo wake utanishukuru.

Pete ndizo shida. Lazima nijue unene wa bomba la darubini. Njia ya kawaida ni kumwomba Vernia kalipa. Nilikwenda mezani kwake mara tatu. Mara ya kwanza nikajifanya natafuta ufagio. Mara ya pili nikauchukua ufagio. Mara ya tatu nikafagia chini ya kiti chake mpaka akanyanyua miguu, akauliza, dada, kuna kitu? Nikasema hakuna. Akasema basi mbona unanifagia mimi?

Sitamwomba. Nikimwomba leo, mwisho wa mwezi Fundi atakumbuka kwamba nilimwomba. Nina njia nyingine.

Jumatano, 6 Machi

Njia nyingine ni tepu ya Mama.

Mama ni fundi cherehani. Mimi nimekulia chini ya meza ya kukatia. Kupima nilijua kabla ya kutembea. Sheria za Mama ni mbili. Mtu hupimwa na nguo zake mwilini, kwa heshima. Na huachiwa nafasi ya kidole kimoja, apumue.

Fundi naye alishatukataza kushika darubini kwa mikono mitupu, eti jasho la vidole linaharibu. Kwa hiyo sikuivua kitambaa chake cha flaneli. Nikaizungushia tepu juu ya kitambaa, nikaachia nafasi ya kidole, nikasoma. Sentimita tisa na milimita nne. Nikagawa kwa 3.14, kama tulivyofundishwa, nikarudia mara mbili. Ishirini na tisa nukta tisa! Milimita thelathini, kasoro unywele! Nilitaka kupiga kelele. Nikakohoa.

Nikachagua kishikio kirefu cha pete za thelathini. Cheusi, kinang'aa, kimesimama kama bwana harusi. Fundi akakiandika kwenye kitabu cha kazi na jina langu pembeni. Jina langu! Kwa kalamu ya wino!

Vernia akaniuliza, umepima bomba? Nikasema nimepima. Umepima na nini? Nikasema na hesabu. Akaniangalia kidogo. Akasema akipenda mtu, anaweza kuhakikisha na vernia, dakika moja tu. Nikasema asante, imetosha.

Nimeyakumbuka maneno hayo jioni nikiosha vyombo. "Imetosha." Kama bibi wa ofisini. Nikaona aibu mpaka sahani ikaniponyoka.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi amekwenda kung'oa jino. Nimefunga kishikio peke yangu.

Msingi umekaa vizuri. Skrubu zimekaa vizuri. Nikaivua darubini flaneli yake, nikailaza ndani ya pete, nikakaza. Inacheza. Inacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Nikakaza tena hadi bisibisi ikalia. Bado inacheza.

Nimekaa nayo kwa muda mrefu, tukitazamana.

Hesabu niliirudia mara mbili, na hesabu haidanganyi. Basi pete zimetengenezwa vibaya kiwandani. Ningeweza kubadilisha. Lakini kubadilisha kunataka ufunguo wa droo, ufunguo uko kwa Vernia, na Vernia angeuliza kwa nini. Halafu lile jina langu kwenye kitabu lingekatwa mstari. Kwa wino ule ule.

Nyuma ya karakana kuna tyubu kuukuu ya baiskeli. Nikakata vipande viwili, nikaizungushia darubini, nikakaza. Kimya! Imeshika kama jino! (Si la Fundi.)

Vernia akatokea nikiwa bado na mkasi. Akauliza tyubu ya nini. Nikasema ya ndala yangu, imekatika. Akatazama ndala zangu. Zote nzima. Nikasema ni ya kuzuia isikatike. Kwa hiyo nimefunga ndala ya kushoto kwa tyubu, nikatembea nayo mpaka saa kumi na moja jioni. Ilikuwa inalia kila hatua. Mteja mmoja alidhani kuna bata.

Ijumaa, 8 Machi

Shangazi amekuja kuchukua bunduki. Nyuma ya karakana kuna uwanja mdogo wa kujaribia, wenye tuta la udongo. Alipiga risasi tatu, tukarekebisha, akapiga moja ya mwisho. Katikati! Akasema kishikio kirefu kidogo, shingo inabidi ijikaze. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba ni kwa ajili ya mgongo. Akasema haya mama, wewe ndiye mtaalamu.

Mtaalamu!

Akanikumbatia mbele ya watu. Akaniambia, bila kuniachia, kwamba tangu mwaka jana anapiga vibaya, kwamba yule mkaguzi wa mtihani alishamwandikia onyo, na kwamba aliposikia niko hapa alilala usingizi kwa mara ya kwanza. Alikuwa na harufu ya vumbi na sabuni. Nikatazama bega lake. Nilitaka kumwambia habari za tyubu. Nikamwambia sabuni yake inanukia.

Vernia akaona ukingo mweusi ukichungulia kwenye pete. Akauliza ni nini. Nikasema ni urembo.

Fundi mdomo umejaa pamba, hasemi. Akagonga kishikio kwa kucha, akaniinulia nyusi. Nikatikisa kichwa kuafiki. Akatikisa na yeye, akatia sahihi. Tangu jana anatikisia kichwa kila kitu. Asubuhi alimtikisia paka.

Jumamosi, 9 Machi

Siwezi kuandika.

Naandika.

Uwanja wa shabaha. Jua. Askari kumi wamelala kifudifudi, kila mmoja na ubao wake. Mkaguzi, bwana mrefu mwenye filimbi. Shangazi ubao wa nne. Kushoto kwake, ubao wa tatu, mwenzake mmoja mnene anayeitwa Godoro. Sisi ndugu na jamaa tumekaa nyuma ya kamba. Nimempa Mkaguzi shikamoo yangu. Akaitikia marahaba vizuri tu.

Risasi ya kwanza, katikati. Ya pili, katikati. Nikaanza kuwaza nitavaa nini siku ya kuajiriwa.

Ya tatu, pembeni kidogo. Nikaona Shangazi anasogeza kichwa mbele. Ya nne, akasogeza tena. Bunduki inapiga teke kurudi nyuma, darubini inabaki mbele, inateleza kwenye tyubu, kila risasi inamkimbia kidogo. Na yeye anaifuata. Bila kujua! Shingo inazidi kurefuka. Kufikia ya sita alikuwa kama kobe anayechungulia kwa jirani. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, yule dada anatafuta nini mle?

Ya sita ilitoboa ubao wa Godoro. Ya saba pia. Ya nane pia, na ya nane ndiyo iliyomrudia. Alikuwa amesogea mno. Darubini ikampiga juu ya jicho.

Nilisikia mlio. Mdogo tu. Kama kijiko kwenye kikombe.

Filimbi. Shangazi akakaa kitako, damu kwenye nyusi, mchirizi mwembamba wenye umbo la mwezi mchanga. Mkaguzi akaichukua bunduki, akaiinamisha. Darubini ikateleza polepole, mbele ya watu wote, na kipande cha tyubu kikaning'inia kama ulimi. Askari mmoja akasema loo, imechoka hiyo, inahema. Wakacheka. Huko mbele walikuwa wanahesabu ubao wa Godoro: matundu kumi na matatu kwa risasi kumi. Wengine wakampigia makofi.

Mkaguzi akauliza nani kafunga kitu hiki.

Shangazi akageuka. Aliniona mara moja, maana mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. Akanitazama kwa jicho moja, lile lingine limezibwa na kitambaa. Kisha akamwambia Mkaguzi kosa ni lake, hakukagua silaha yake kabla ya kulala chini.

Nikapita chini ya kamba. Nilikuwa nakwenda kusema. Naapa nilikuwa nakwenda kusema. Nikafika mbele ya Mkaguzi, nikafungua mdomo, nikasema:

"Shikamoo."

Akasema marahaba, tumeshasalimiana.

Jumapili, 10 Machi

Mkaguzi amempa Shangazi nafasi ya kurudia, Jumatano, mara moja tu, kwa sababu kishikio kilionekana wazi kuwa kibovu. Akikosa, getini. Mihuri imeshaagizwa.

Mama alikwenda kumjulia hali. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Mama akarudi akasema Shangazi ameshonwa nyuzi tatu na ameniulizia kama nimekula.

Kama nimekula!

Sijala. Nimeandika barua ya kukiri. Ya kwanza niliichana, ilikuwa na samahani nyingi mno, ilisomeka kama wimbo. Ya pili niliichana, ilimtaja Vernia. Ya tatu ilikuwa fupi: *Fundi, ni mimi. Kilikuwa kinacheza, nikaweka tyubu, nikanyamaza. Shangazi hana kosa. Nisamehe.* Kesho nitaiweka kwenye droo ya Fundi kabla hajaja. Hivyo nitakuwa nimesema bila kusema. Ni njia nzuri sana.

Jumatatu, 11 Machi

Saa moja na nusu asubuhi niliiweka barua drooni. Saa moja na dakika thelathini na mbili nikajuta. Ile "nisamehe" imekaa kama amri. Nikarudi kuichukua. Mkono ukiwa ndani hadi kiwiko, mlango ukafunguka.

Vernia. Akauliza, dada, unaniibia kalipa yangu? (Kumbe usiku huihifadhi humo.) Nikamnyoshea barua. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Akasema polepole, karibu kwa huruma, kwamba mbona kila mtu anajua. Tyubu ilianguka mbele ya askari wote. Ndala yangu ina tyubu ile ile.

Nikatazama chini. Kweli. Sikuwahi kuifungua.

Fundi akaja. Sasa anaongea, ingawa kwa upepo mwingi. Akaniuliza nilipima bomba na nini. Nikasema tepu ya Mama. Akavuta kiti, akakaa. Sikuwa nimejiandaa kwa kiti. Nilijiandaa kwa kelele. Vernia hakucheka. Ningemshukuru kama angecheka.

Fundi akasema: binti, ukikwama, uliza. Mimi nipo, huyu yupo. Hakuna atakayekumeza. Nikaahidi. Nilisema "naahidi" kwa sauti, mpaka paka akageuka.

Kisha Vernia akapima. Ilichukua muda mfupi wa kuudhi. Milimita ishirini na tano nukta nne, yaani inchi moja kamili. Akachagua kishikio kifupi cha pete za inchi moja. Kifupi! Kwa mtu mrefu namna ile! Na hivi ndivyo alivyopima: aliivua darubini flaneli yote, akaishika uchi uchi, akabana kalipa kwenye chuma kitupu. Sijawahi kuona mtu hajali kiasi hicho. Si nafasi yangu kumkosoa kwa sasa.

Nimefikiria sana na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Tepu. Mama ameitumia miaka tisa kwenye viuno vya watu. Imevutika.

Jumatano, 13 Machi

Risasi kumi. Tisa katikati, moja pembeni. Amefaulu!

Shangazi alipiga akiwa na plasta juu ya jicho, shavu limelala kwenye kitako cha bunduki, shingo mahali pake. Godoro (naye alirudishwa, kwa yale matundu yake ya ziada) safari hii alipata matundu tisa tu na akalalamika. Mkaguzi akampa Shangazi mkono. Akakikagua kishikio cha darubini, akakitikisa, hakikutikisika. Akauliza karakana gani. Akaambiwa.

Nililia nyuma ya choo cha uwanja. Shangazi akanikuta huko. Nikasema yote, kwa mpangilio: mkono, ufagio, pete, tyubu, bata. Ni maneno mengi kuliko niliyosema mwaka huu mzima. Alisikiliza yote. Kwenye bata akacheka hadi plasta ikabanduka. Akasema atabaki na alama ile, na akiulizwa atasema ni chui.

Nikamwuliza kwa nini alinikingia kifua Jumamosi. Akasema kwa sababu alinitazama akaona mtu ambaye tayari anapigwa. Hakuona haja ya kuongeza.

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Naliandika tu ili nisilisahau.

Jumatatu, 18 Machi

Fundi ametoa uamuzi mapema. Vernia ameajiriwa. Mimi nimeongezewa mwezi mmoja wa majaribio, kwa maombi ya Shangazi. Ni aibu. Lakini ni aibu yenye nafasi ya pili, na nimeamua kuitumia kama mtu mzima.

Na nafasi imekuja leo leo! Mkaguzi ameleta bunduki yake mwenyewe. Amependa kazi ya karakana yetu, anataka kishikio cha darubini yake. Fundi akaniangalia. Akafungua kabati, akanipa kalipa yake ya zamani ya vernia, niwe nayo. Yangu! Nzito, baridi, ina sanduku lenye kitambaa cha bluu ndani. Akarudia: ukikwama, uliza.

Nimejifunza. Tepu sitaigusa tena maishani. Nimeipima darubini ya Mkaguzi kwa vernia, kitaalamu, juu ya flaneli yake, bila kuacha alama hata moja ya kidole. Nikabana taya za kalipa taratibu, kisha nikaachia kidogo, ipumue. Milimita thelathini, kasoro unywele. Mkaguzi naye ni mrefu, kwa hiyo nimechukua kile kile cheusi kinachong'aa, ambacho kilikuwa kimekaa bure kabatini kana kwamba kina ugonjwa.

Nimeshafunga. Jumamosi Mkaguzi atawaonyesha askari wapya namna ya kulenga, na amesema nije nikae mbele.

Kinacheza kidogo. Niliwaza kuuliza, lakini Fundi alikuwa na mteja na Vernia alikuwa anakula.

Bahati njema, ile tyubu ilibaki.